Milimita Nane

Ndanai,
6 Julai 2025

Kwa Mzee Mageto,

Chamgei, Baba Moureen. Usishtuke kuona karatasi. Tangu Zack wa timu yetu apige picha maneno yangu kwenye simu na kumrushia meneja, kidole changu kinaogopa simu. Nilikuwa nimeuliza wenzangu tu kama kuna aliyesikia habari za mdhamini, kama wenye chai wataendelea na timu mwaka ujao au la. Kesho yake Seth akanipigia, akataka kujua ni nani amenituma nichochee watu. Meneja ni meneja. Barua hii inakuja na Joab wa lori la maziwa, ambaye hasomi barua za watu kwa sababu hata zake hazisomi.

Hapa nyumbani tunaendelea vizuri. Mke wangu Chepkemboi anakusalimia, daktari amesema mtoto ni Novemba. Kila asubuhi naendesha hadi Sotik na kuzunguka kilima mara nne. Nikichelewa kurudi, baba ananitazama vile mtu hutazama ng'ombe aliyekata maziwa.

Nina swali dogo la ufundi. Kuna binamu yangu anataka kujengewa baiskeli, na mwili wake ni kama wangu. Niandikie vipimo vyangu: urefu wa kiti, kiti hadi usukani, na pale vyuma vya viatu vinapokaa. Si haraka. Lakini Joab anarudi huku Alhamisi.

Wako,
Kipkirui


Kipkelion,
9 Julai 2025

Kipkirui kijana wangu,

Barua ilifika ikinuka maziwa, lakini haikuwa imeganda, kwa hivyo Joab tutamtumia tena.

Miaka kumi na moja niko ndani ya hili godauni la nyuma ya stesheni, nafungua na kufunga baiskeli za timu, na kuna jambo moja nimejifunza bila kufundishwa na mtu. Mwendeshaji hasemi kwamba anahama. Huuliza urefu wa kiti chake. Orina aliniambia anautaka kwa sababu ya bima. Aliyemfuata alisema umeombwa na daktari wa mgongo. Wewe umeleta binamu. Sasa, mimi nimewaona ndugu zako wote wakija kukushangilia pale Bomet, na hakuna hata mmoja mwenye mapaja ya kupanda kilima akiwa ameketi. Mpe binamu salamu zangu.

Habari za hapa ni hizi. Wiki iliyopita walikuja wanaume wawili wenye viatu ambavyo havijawahi kukutana na matope. Walipindua baiskeli zote kumi na nne na kupiga picha zile namba zilizochongwa chini ya fremu. Nikauliza kama kuna iliyoibwa. Wakasema ni kawaida ya kampuni. Nikawapikia chai. Mmoja akauliza haya ni majani ya nani, nikamwambia ni ya hao hao waliowatuma. Akasema, "Kumbe ni mazuri," kama mtu aliyeonja shamba la jirani.

Hata hivyo usianze kukimbia kabla hujafukuzwa. Seth anasema wenye chai wako karibu kusaini miaka miwili.

Vipimo vyako viko salama kwenye fito ya mama, alama ya tatu kutoka juu, ile niliyoipaka rangi nyekundu ya kucha za Moureen. Hiyo fito unaijua. Marehemu mama Bonareri aliilaza juu ya michai miaka ishirini na sita, ili aone ni chipukizi gani limepita kimo na ni lipi liachwe, na hakuna msimamizi aliyewahi kumrudishia kikapu. Mimi nikaigeuza kuwa ya viti vya baiskeli. Kazi ni ile ile: hakuna kukisia.

Niambie ukweli, nami nitakuambia namba.

Fundi wako,
Mageto


Ndanai,
13 Julai 2025

Baba Moureen,

Hakuna binamu. Nisamehe.

Ni timu ya Ubelgiji. Mdhamini wao anauza madirisha. Cheka, mimi pia nilicheka, lakini nimeambiwa kule baridi ni kali na kila nyumba inataka dirisha. Waliniona kwenye mbio za Rwanda mwezi wa pili. Watakuja Kericho na baiskeli moja, na tarehe 2 Agosti nitapanda kilima kutoka daraja la Chemosit mara tatu huku wakinifuata na gari. Jibu watatoa kabla ya tarehe 15. Wakinikataa, nafasi ni ya kijana wa Eritrea mwenye miaka ishirini na mmoja. Mimi nina ishirini na tisa, na unajua kama mimi kwamba hakuna timu itakayokuja kunitafuta nikiwa na thelathini na mtoto mgongoni.

Wanataka vipimo vyangu ili waijenge hiyo baiskeli. Lakini hawavitaki kutoka kwangu. Wamesema viandikwe na fundi wangu mwenyewe, kwa mkono wake, na jina lake chini. Usiniulize ni kwa nini, nimeapishwa ninyamaze. Nawe tafadhali nyamaza kwa Seth.

Sasa nikuulize kama mtu anayemuuliza baba yake, kwa sababu wangu anajua ng'ombe tu. Ni kweli wenye chai wanasaini? Nikiwaacha na wasaini, nitakuwa nimewatupa nyinyi wote. Nikibaki na wasisaini, nimekwisha. Ukisema niende, nitaenda. Ukisema nisubiri, nitawapigia hawa wa madirisha leo leo.

Kipkirui


Kericho,
16 Julai 2025

Mzee Mageto,

Nakuandikia kwa mkono na kuiweka barua ndani ya sanduku la tairi kwa sababu ofisi hii siku hizi ina masikio mengi kuliko viti.

Nimesikia Kipkirui ana watu wa madirisha. Usiulize nimesikia wapi.

Wenye kampuni wanakutana tarehe 14 Agosti kuamua kuhusu timu. Wameomba orodha ya waendeshaji wa mwaka ujao. Jina la kwanza wanalolijua ni Kipkirui. La pili hawana. Akiwa kwenye orodha, tunaishi. Akitoka kabla ya siku hiyo, watu kumi na mmoja tunarudi kwetu, na wewe ni mmoja wao. Nafasi ya Moureen kwenye timu ya wanawake iko kwenye orodha hiyo hiyo, ukurasa wa pili. Nimeiandika kwa penseli.

Sikuombi ufanye kitu kibaya. Naomba tu asiwe ameondoka kabla ya tarehe 14. Wewe anakusikiliza.

Seth


Kipkelion,
19 Julai 2025

Kijana wangu,

Pole kwa kukuchelewesha, kulikuwa na magurudumu ya kunyoosha. Unaniuliza uende au usubiri. Mimi ni fundi, na katika spana zangu zote hakuna ya kukazia uamuzi wa mtu. Ungekuwa wa damu yangu ningesema subiri hadi wenye chai wakutane, tarehe 14. Lakini usiwakatalie hawa wa madirisha. Kapande kilima chako. Kupanda si kusaini.

Vipimo nimeviandika kwenye karatasi ya pili, safi, jinsi walivyotaka:

Kiti, kutoka katikati ya mhimili wa pedali hadi juu ya kiti: sentimita 73.8.
Ncha ya kiti hadi usukani: 54.5.
Vyuma vya viatu: milimita sita nyuma ya kifundo cha kidole gumba, miguu yote miwili.

Nimeweka na jina. Mwambie Chepkemboi asibebe maji, wewe una miguu.

Mageto


Kipkelion,
19 Julai 2025

Bwana Meneja,

Kijana atapanda mbele ya Wazungu tarehe 2. Sikumzuia. Ningemzuia angejua, na angekwenda mbio zaidi.

Kiti chake ni 74.6. Nimewaandikia 73.8. Milimita nane hakuna jicho linaloweza kuziona. Goti litaziona kwenye mpando wa pili, na kwenye wa tatu litaanza kuzitaja. Hataumia kitu cha hospitali, ni hesabu niliyoipiga mara mbili. Atachoka tu mapema kama watu wengine wote, ataniandikia kwamba haikuwa siku yake, na tarehe 14 bado atakuwa wako.

Lile jina la ukurasa wa pili, liandike kwa wino.

Barua hii ukishaisoma iwashie jiko.

Mageto


Ndanai,
3 Agosti 2025

Mzee Mageto,

Nimeandika barua hii mara tatu, hii ndiyo yenye adabu.

Mpando wa kwanza nilikuwa mimi. Kwenye wa pili goti la kulia likaanza kuwaka kwa mbele. Wa tatu niliupanda kama mtu anayepeleka viazi sokoni, na karibu na juu mama mmoja anayetoka kuchuma, kikapu mgongoni, akanipa pole akinipita. Wabelgiji hawakusema neno baya. Waliniambia asante mara nne. Ya nne ndiyo nilijua.

Sasa naweza kukuambia nilichokatazwa, kwa maana hakina kazi tena. Timu hii inafungua kambi Kericho mwezi wa kwanza, na kila mwaka itakuwa hapo miezi mitatu. Wanataka fundi wa hapa hapa, wa kudumu. Niliwaambia yuko mmoja Kipkelion ambaye hakusomea popote na hajawahi kukosea. Wakacheka, wakasema, basi tutaona. Ile karatasi ya vipimo ilikuwa mtihani wako, Baba Moureen. Mimi nilikuwa nimeshapita wangu kule Rwanda, walitaka tu kuniona tena. Waliapa kwamba wataijenga baiskeli kwa namba zako bila kuzigusa, na wakafanya hivyo.

Baada ya kushuka, kocha wao, ambaye ni mama, akapima pembe ya goti langu na kile chombo chao. Akanitazama. Akauliza, "Huyu fundi wako alikupima kweli?" Nikasema ndiyo. Akafungua daftari akaandika. Niko karibu kabisa, nikasoma. Hakuandika jina langu. Aliandika lako.

Nimewaomba siku moja zaidi. Kwa huruma wamenipa tarehe 9, kilima kile kile, halafu wanapanda ndege. Baiskeli wameniachia nijirekebishie.

Niambie ni nini kilitokea. Naomba uniambie wewe, kabla sijaanza kufikiri mwenyewe.

Kipkirui


Kipkelion,
5 Agosti 2025

Kipkirui,

Barua yako niliisoma nimesimama. Halafu nikatafuta kibao nikaisoma nimeketi. Joab aliuliza kama kuna msiba, nikamwambia arudi kwa maziwa yake.

Ni fito. Imelika. Miaka yote hii naisimamisha kwenye sakafu yenye maji na mafuta, na ule mwisho wa chini umeisha kidogo kidogo bila mimi kuona. Mtu akitumia kitu cha mama yake haangalii kama kimeisha. Ndiyo namba ikapungua.

Sitaki uniamini kwa karatasi tena. Joab amebeba fito yenyewe, nimeifunga ndani ya gunia ili isigonge kitu. Usiandike namba yoyote, wala usimruhusu mtu akupimie. Isimamishe kwenye mhimili wa pedali, pandisha kiti hadi ile alama nyekundu, kaza, panda.

Hayo ya kambi, waambie watafute mtu mwenye cheti. Zamani nilikuwa nikiwacheka wenye vyeti.

Usisubiri wenye chai. Nilikuambia usubiri, sasa nakuambia usisubiri.

Mageto


Kericho,
15 Agosti 2025

Mzee Mageto,

Mkutano ulikuwa wa dakika ishirini. Kampuni imeshauzwa, na wanunuzi hawana haja ya baiskeli. Ilikuwa imeamuliwa tangu Juni. Orodha haikufunguliwa. Bahasha nimerudishiwa bado ina gundi.

Wale wanaume wawili watakuja Jumatatu kuchukua baiskeli. Ufunguo mwachie mlinzi wa stesheni.

Nilikuwa nimeliandika kwa wino. Nataka tu ujue.

Seth


Ubelgiji,
23 Novemba 2025

Kwa Baba Moureen,

Miezi mitatu umenyamaza, nami nimenyamaza. Mmoja lazima aanze, na mimi ndiye mdogo.

Mtoto amezaliwa tarehe 11, msichana, Chepchirchir, kwa sababu alikuja kwa haraka na mimi niko huku nikitazama mvua kwenye dirisha. Dirisha ni zuri, hilo siwezi kulisema vibaya. Mkataba nilisaini mwisho wa Agosti. Habari za timu yetu nilizisikia kwa Zack, ambaye alinipigia kuniuliza kama hapa kuna nafasi. Nilimwambia apige picha maneno yangu.

Sasa kuhusu tarehe 9 Agosti. Nilifanya ulivyoniagiza. Nikasimamisha fito, nikapandisha kiti hadi nyekundu, nikakaza. Yule mama kocha akaja na utepe wake kabla sijapanda, akapima. 74.6. Akaandika. Kisha nikapanda mara tatu, na kwenye ule wa tatu nilisikia gari lao likitafuta gia nyuma yangu.

Baba Moureen, fito iliyolika milimita nane ingenipa 73.8 tena. Hilo nililijua nikiwa bado nimeshika spana mkononi. Nilipanda kilima kizima nikilijua.

Kwa kocha nilisema mimi ndiye nilikusomea namba kwenye simu nawe ukaandika tu, na kwamba nilisoma vibaya. Ameniamini. Wanadhani mtu wa miguu hawezi kujua hesabu. Akalikata lile alilokuwa ameandika juu yako. Kambi inaanza tarehe 8 Januari na hadi leo hawajapata fundi. Jina lako liko mezani, limekaa juu ya uongo wangu, na wananiuliza mimi kama walichukue.

Fito imetundikwa ukutani kwenye karakana yao. Fundi mkubwa hapa ana mashine yenye taa ya kupimia. Aliilinganisha na alama zako zote, akaniuliza kitu hicho kinauzwa wapi.

Nataka neno moja kutoka kwako kabla sijawajibu. Unaweza kusema tena kwamba ni fito. Nitawaambia wakuchukue, na sitakuuliza tena hadi tuzikane. Au useme kilichokuwa. Nikikisikia sijui nitafanya nini, na sitakudanganya kwamba najua.

Kipkirui


Kipkelion,
6 Desemba 2025

Kipkirui,

Kongoi, nakushukuru kwa kuanza wewe. Hongera kwa Chepchirchir. Mama yake apumzike.

Fito haijalika hata unene wa unywele. 74.6 niliijua. 73.8 niliijua. Seth aliniandikia kwamba ukiondoka timu inakufa na nafasi ya Moureen inakufa nayo, lakini hakunitajia kiti. Kiti nilikifikiria mwenyewe, nikiwa nimetulia, baada ya chai ya saa kumi. Nilijiambia ni kidogo. Wewe na mimi tunajua ni watu wa aina gani wanaosema milimita nane ni kidogo, na kwamba katika godauni langu hawakuwa wakiruhusiwa kushika spana.

Nilipokutumia fito nilijua itanishtaki. Nadhani ndiyo maana niliituma badala ya namba. Lakini usinipe sifa kwa hilo, ule uongo wa kulika niliuandika kwa mkono huo huo dakika hiyo hiyo.

Siku hizi natengeneza baiskeli za watu wa maziwa na pikipiki chache. Moureen anachuma majani asubuhi kwa shamba la Rodah, jirani yetu, na jioni anaendesha ile baiskeli yake ya zamani. Barua yako ilipofika nilimwambia yeye kwanza, yote, ili mdomo uzoee. Hakusema nami siku tatu. Siku ya nne akaleta baiskeli, akataka nimkazie kiti. Nikakipima, nikakaza. Kisha akatoa utepe mfukoni akapima mwenyewe, mbele yangu, mara mbili. Nilisimama pale hadi akamaliza. Akaukunja utepe, akasema, "Sawa, baba," akapanda akaenda.

Usiirudishe fito, iko mahali inapofanya kazi. Na lolote utakalowajibu hao watu, wajibu kwanza kwamba namba ile haikuwa yako. Goti lako limenibeba vya kutosha, ulimi wako usinibebe pia.

Wakiniita Januari, nitakuja. Wewe njoo na utepe.

Mageto